Sponji ya Kuziba Pengo la Mfupa: Kutafuta Ushupavu

Pengo la mfupa linalotokana na ajali au uvimbe ulioondolewa likizidi kiasi, mwili hauwezi kuliziba peke yake. Kwa desturi daktari wa mifupa huchukua mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia nyingine inayochunguzwa ni sponji ya plastiki inayoyeyuka mwilini: seli huingia vitunduni na kujenga mfupa mpya, huku sponji ikitoweka polepole. Plastiki inayotumiwa sana ni polilaktiki, ndugu wa nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe.

Kikwazo ni kwamba sponji hiyo huvunjika ghafla. Hapa yafaa msomaji atenganishe maneno mawili. Ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kubonyea; ushupavu ni uwezo wake wa kupokea pigo bila kuvunjika. Kikombe cha udongo ni kigumu lakini si kishupavu. Kikapu cha ukili si kigumu, ila kikianguka hakivunjiki. Polilaktiki ni ya upande wa kikombe. Huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo katika joto la mwili molekuli zake haziwezi kuteleza, na ikivutwa hukatika baada ya kurefuka kwa takriban asilimia 5 tu.

Vitundu huzidisha udhaifu huo. Ili mishipa ya damu ipenye, vinahitaji upana wa zaidi ya mikromita 100, na heri 300, tena viwe vimeungana. Lakini sponji yenye uwazi wa asilimia 90 hubakiwa na takriban 1 ya 100 tu ya ugumu wa plastiki isiyo na vitundu. Umbo nalo lina neno. Vitundu vingi hutengenezwa kwa kuchanganya plastiki na chumvi, kisha chumvi huoshwa kwa maji. Punje zake zenye pembe kali huacha pembe kali, na ufa huanzia hapo. Punje za mviringo za nta ni afadhali.

Dawa inayotia moyo zaidi ni kuchanganya polikaprolaktoni, ambayo katika joto la mwili bado ni laini. Matone yake madogo hupunguza kasi ya ufa. Plastiki hizi mbili, hata hivyo, hazipatani: bila kiungo cha molekuli chenye mkono mmoja kila upande, matone huwa makubwa na faida hupotea. Vilainishi vya molekuli ndogo sivipendi, kwani huchuruzika na kuingia katika tishu. Madini ya mfupa, yaani haidroksiapatiti, huongeza ugumu, ila yakizidi hurudisha wepesi wa kuvunjika.

Ripoti nyingi hupima sponji mpya na kavu. Daktari anahitaji kipimo cha sponji iliyokaa wiki kadhaa katika maji ya chumvi ya nyuzi 37, kwa sababu maji hukata minyororo ya molekuli, na ushupavu hupungua kabla uzito haujaanza kupungua.