SOMO KWA MAKATIBU: PICHA NA NAKALA ZA HESABU KATIKA SEVA



Vyama vyetu vya Karagwe na Kyerwa vinapoweka hesabu za kahawa katika seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote, yafaa kila katibu aelewe namna ya kuzilinda. Kilo za mkulima zikipotea humo, malipo yake yamo hatarini.

Kuna kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa: kupeleka nakala kwenye seva ya pili, na kupiga picha, yaani kuyahifadhi mafaili jinsi yalivyo kwa saa fulani. Tuanze na nakala, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Kila karani anaijua karatasi ya kaboni: akiandika kilo 68 badala ya 86, kaboni nayo huandika 68. Nakala ya seva ina tabia hiyohiyo. Karani wa Nkwenda akifuta kwa bahati mbaya ukurasa wa mkulima asubuhi, usiku seva ya pili itaufuta vilevile, kwa utii kamili. Chama kitakuwa na seva mbili, na kilo za mkulima hazimo hata katika moja.

Picha ndiyo dawa ya kosa hilo. Ni kama kufunga leja jioni na kuipiga muhuri: yaliyoandikwa hayabadiliki tena. Mfumo wa mafaili kama ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 2005, hupiga picha kwa muda mfupi sana kwa sababu haurudufu kitu. Maandishi ya zamani huachwa yalipo, na mapya huandikwa pengine. Picha mpya basi haichukui nafasi kubwa, ila nafasi hiyo huongezeka kadiri hesabu zinavyobadilika.

Lakini picha hukaa katika diski zilezile. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, halikuuliza leja ipi ina muhuri. Kwa hiyo picha zenyewe zipelekwe katika seva ya jengo jingine. Kutoka Nkwenda hadi Kayanga ni vyema. Mwanza ni bora zaidi, maana tetemeko halijui mpaka wa wilaya.

Ratiba ninayoipendekeza wakati wa msimu ni picha kila saa, zitunzwe siku 2. Picha ya kila jioni, siku 60. Na picha ya kila mwezi, mpaka COASCO wamalize kukagua hesabu za mwaka huo. Nakala ipelekwe saa 2 usiku. Wengi hupenda saa 8 usiku, lakini umeme ukikatika saa hiyo hakuna aliye macho. Kinachosafiri ni tofauti tu kati ya picha ya jana na ya leo, hivyo hata mtandao wa simu waweza kutosha. Picha ya jana isifutwe upande wowote kabla ya ya leo kufika. Ikikosekana, mzigo wote utapelekwa upya.

Seva ya pili iwe na neno lake la siri, asilolijua karani wa seva ya kwanza.

Kila mwezi katibu, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, afungue katika seva ya pili picha ya wiki mbili zilizopita, achague wakulima watano na kulinganisha kilo zao na vitabu vya stakabadhi. Zisipolingana, taarifa ifike unioni siku hiyohiyo, wala picha yoyote isifutwe mpaka mkaguzi awasili.