Kanga aliyefia dimbwini: somo katika hukumu za mawindo

Mara kwa mara hukutana na vijana wadogo hapa Mbagala wakirudi kutoka mabondeni, manati shingoni, na ndege wawili watatu wamefungwa miguu kwa kamba. Nikiwauliza kama wamewachinja, hucheka na kunijibu: "Mzee, walishakufa palepale." Jibu hilo hunikumbusha mvua iliyonikuta Rufiji miaka ya tisini.

Ami yangu alikuwa na leseni ya kuwinda kanga na gobore lililoandikishwa. Ijumaa moja baada ya swala alinichukua kutoka Tandika ili tuwahi siku za mwanzo za msimu, ambao hufunguliwa Julai. Huo ni mwezi wa kiangazi, lakini sisi watu wa pwani tunaijua mvua ya mchoo: huja bila hodi. Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Baruti ikaloa, fataki zikagoma, tukashinda chini ya mwembe tukila muhogo wa kuchoma. Jumapili ilipotulia tukawasikia kanga pembezoni mwa shamba. Ami akasoma bismillahi, akafyatua. Kanga mmoja akaruka kidogo, bawa likining'inia, akaangukia kwenye dimbwi la maji ya mvua. Tulipofika, kichwa kilikuwa chini ya maji naye amekwisha kufa.

Mimi nilishaanza kufurahia kitoweo. Ami akamgeuza, akatazama jeraha: bawa limevunjika, na tundu dogo pajani, basi. Akasema, "Huyu hatumli." Nikamwambia, "Ami, bismillahi umesoma, risasi imempata, nani atajua?" Akanijibu, "Mwanangu, hebu niambie wewe: aliyemuua ni mimi au ni maji?" Sikuwa na jibu. Tulirudi Temeke mikono mitupu, nami nikanuna wiki nzima.

Dalili yake ni ipi?

Baadaye nilipokaa darasani msikitini nilijua kuwa ami hakubuni neno. Allah (S.W) ametuhalalishia mawindo katika Suratul Maida, aya ya 4. Swahaba Adiyy bin Hatim, mtu wa kabila la Tayy, alimuuliza Mtume (S.A.W) maswali mengi juu ya uwindaji. Katika majibu aliyopewa, yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, mna hili: mnyama uliyempiga mshale ukamkuta amezama majini, usimle, kwa kuwa hujui kama ameuawa na maji au na mshale wako.

Wanazuoni wamefafanua kwamba iwapo jeraha lenyewe lilikwisha kummaliza, kwa mfano koo limekatika kabla hajaanguka, maji hayadhuru. Lakini bawa lililovunjika halimalizi uhai. Hapo imebaki shaka, na katika nyama kanuni ya mafakihi ni kwamba asili yake ni kukatazwa mpaka uthibiti uhalali wake. Ni kinyume cha vitu vingine, ambavyo asili yake ni halali mpaka ije dalili ya kuvikataza. Hukumu hii haichagui nchi: Muislamu aliyeko Marekani anayewinda bata mzinga wa mwituni katika mvua za Aprili, akimkuta amezama mtoni, swali lake ni lilelile la ami yangu.

Na manati je?

Aya ya 3 ya sura hiyohiyo inamtaja mnyama aliyekufa kwa kipigo miongoni mwa vilivyoharamishwa. Jiwe la manati halitoboi wala halikati, linaponda. Kwa hiyo ndege aliyeuawa nalo ni mzoga, hata kama mpigaji alisoma bismillahi. Akiokotwa angali hai akachinjwa, huyo ni halali. Kuhusu risasi pamekuwa na khitilafu. Wanazuoni wengi wa zama zetu wameipa hukumu ya mshale kwa kuwa hutoboa, na wapo walioshika tahadhari wakasema mpaka umkute hai umchinje.

Tusisahau pia kwamba kanga wa porini ni amana ya umma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na ami yangu hakutoka nyumbani bila ya kwake.

Wazazi wenzangu, tusiwaachie watoto wetu manati bila elimu. Tumewafundisha kusoma bismillahi. Tuwafundishe pia kisu, na kuuliza kilichomuua ndege. Tena swali hilo si la porini tu. Sisi wa mjini tunaonunua kuku aliyekwisha nyonyolewa, tunaijua mikono iliyomchinja? Ami amekwisha tangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Aliacha kanga mmoja dimbwini siku tuliyokuwa na njaa, nami sijamsahau mpaka leo.

Wallahu a'lam.