Mizani imegoma, sketi inapwaya

Swali: Daktari, nina kilo 96. Tangu nianze kunyanyua madumu ya maji uani, sketi inapwaya lakini mizani haijashuka. Je, mazoezi haya hayataniongezea njaa? Mama wa wawili, Munanila.

Jibu: Mama, iamini sketi. Mizani hujumlisha misuli, mafuta na maji. Mafuta yakipungua huku misuli ikiongezeka, kilo hubaki palepale. Azima futi ya fundi cherehani upime kiuno kila mwezi. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 88 ni hatari. Njaa? Zoezi zito huweza kuituliza kwa muda, na kwa wengi haipandi sana baadaye. Kinachoharibu ni lile bonge la ugali wa muhogo la kujipongeza. Ongeza maharage, mawese yawe kijiko kimoja tu. Nyanyua mara 2 au 3 kwa wiki, bila kubana pumzi. Kama una presha, anzia zahanati.