Una saa moja kwa wiki?

Kijana mwenzangu uliyemaliza kidato cha nne, bado unakumbuka kugawanya desimali? Basi Kashai au Hamugembe, hapa Bukoba mjini, kuna mtoto anakuhitaji. Mchana anauza karanga, jioni hana wa kumwangalizia daftari.

Usiseme eti huna mafunzo. Kule Nshamba, wilayani Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa Humuliza uliwasaidia yatima kuunda chama chao, Vijana Simama Imara. Wengi walifiwa na wazazi kwa Ukimwi, ambao wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Viongozi waliwachagua wenyewe.

Utaanzaje? Ongea kwanza na mlezi, mara nyingi ni bibi, halafu mwalimu. Mfundishie uani, mbele ya watu, siyo chumbani kwako. Usiahidi viatu wala ada. Ahidi Jumamosi saa tisa, na ufike! Mimi niliwahi kukosa wiki mbili bila taarifa. Niliporudi, mtoto alijificha nyuma ya migomba. Alidhani nami nimekufa. Kwa hiyo ukisafiri, hata ukienda kukamata senene tu, mwambie mapema, na umtajie atakayeshika zamu yako.