Jiliwa la Zamani, Vipande Havijatimia: Tununue au Tuache?

SOMO LA UFUNDI NA HESABU



Leo tuchukue mfano wa fundi mmoja wa baiskeli. Karakana yake iko chini ya mwembe. Ana nyundo, spana, tupa na msumeno wa chuma. Kitu kimoja hana: jiliwa. Akitaka kukata chuma, mwanawe hukishika kwa mikono miwili juu ya gogo. Siku moja msumeno uliteleza, mtoto akakatwa kidole. Kidole kimepona. Lakini tangu siku hiyo mama mtu hataki kumwona mtoto akishika chuma tena. Nani atamlaumu?

Basi wakaanza kuweka akiba ya kununua jiliwa. Wameuza karanga, wamepata wateja wa baiskeli, na sasa kwenye kopo mna shilingi 150,000.

JILIWA NI NINI?

Jiliwa ni chombo cha kubana kitu ili kisitikisike wakati fundi anakata, anapiga tupa au anatoboa. Mafundi wengi wa siku hizi wanaliita vaisi. Hufungwa kwa bolti juu ya meza nzito. Vipande vyake vikubwa ni hivi:

1. Kiwiliwili na taya la nyuma. Taya hili halisogei.
2. Taya la mbele. Hili husogea kwenda na kurudi.
3. Skurubu ndefu. Ndiyo inayovuta taya la mbele.
4. Nati. Hukaa ndani ya kiwiliwili, na skurubu hupita ndani yake.
5. Mkono. Ni fimbo ya chuma ya kuzungushia skurubu.
6. Mabamba mawili ya chuma kigumu yenye meno. Hufungwa kwenye mataya ili kazi isiteleze.

Ukubwa wa jiliwa hupimwa kwa upana wa mataya. Jiliwa la inchi 4 linatosha kwa kazi nyingi za baiskeli na majembe.

FUNDI APATA HABARI

Siku ya gulio fundi alisikia kwamba muuza vyuma chakavu ana jiliwa la inchi 4, la zamani, zito, lililotoka katika karakana ya shamba la mkonge. Akaenda kuliangalia. Ubavuni lina neno RECORD. Majiliwa ya jina hilo yalitengenezwa Sheffield, mji wa Uingereza wenye sifa ya siku nyingi katika kazi za chuma. Fundi moyo ukamwenda. Muuzaji akataja bei: shilingi 80,000.

Jiliwa jipya la inchi 4 dukani mjini ni shilingi 180,000. (Bei zote za somo hili ni za mfano. Wewe uliza bei za kwenu.)

Fundi alirudi nyumbani anacheka. "Mama watoto, tumepata! Elfu themanini tu! Limepungua vitu vidogo vidogo."

Mkewe, ambaye alijifunza hesabu katika darasa la watu wazima, akachukua daftari. "Vitu gani hivyo vidogo?"

"Mkono haupo. Mabamba ya meno hayapo. Na skurubu inazunguka tu, taya halisogei."

"Kwa nini halisogei?"

Fundi akanyamaza. Halafu akasema polepole: "Nadhani nati haipo."

KISICHOKUWEPO NDICHO CHA KUHESABU

Hapa ndipo penye somo letu. Mtu akiuziwa kitu kisichotimia, macho yake hutazama kilichopo. Anaona chuma kizito na jina zuri. Lakini fedha zake zitakwenda kwenye kile kisichokuwepo. Kwa hiyo andika kwanza yasiyokuwepo, kisha yapange katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: vinavyotengenezeka kwa urahisi. Mkono ni kipande cha nondo laini tu. Mabamba hukatwa kwenye chuma bapa, yakatobolewa na kufungwa kwa skurubu. Pini na bolti hupatikana dukani. Vitu hivi visikutishe.

Fungu la pili: vinavyohitaji mkereza. Nati imo humu, na skurubu pia. Usidanganyike ukadhani nati ya dukani itaingia. Meno ya skurubu ya jiliwa ni mapana na manene, si kama ya bolti ya kawaida. Nati yake lazima ikerezwe kwa mashine, na mkereza lazima apewe skurubu yenyewe aipime. Majiliwa ya zamani ya Uingereza yalipimwa kwa inchi. Basi muulize mkereza kabla hujanunua: "Mashine yako inaweza kukata meno haya? Kwa shilingi ngapi?"

Fungu la tatu: vinavyokuambia uache. Taya la mbele likikosekana, acha. Kiwiliwili kikiwa na ufa mahali panapobeba nguvu, acha. Majiliwa mengi yametengenezwa kwa chuma cha kumimina, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hiki ni kigumu, lakini hakipindi, kikizidiwa, hupasuka. Kukilehemu kunataka vijiti maalumu na moto wa taratibu, na mara nyingi hupasuka tena pembeni ya kovu.

Muuzaji atakuambia: "Nati? Mbona mjini zimejaa!" Mjibu kwa heshima: "Sawa, mzee wangu. Nitarudi nikishaiona." Kama kipande kinapatikana kwa urahisi hivyo, mbona yeye hakukinunua akauza jiliwa zima kwa bei kubwa?

JINSI YA KULIPIMA

Ukienda kuangalia jiliwa la zamani, chukua kitambaa, mafuta ya taa kidogo, chaki iliyosagwa na karatasi mbili nyembamba. Fanya hivi:

Kwanza, gonga kiwiliwili polepole kwa nyundo ndogo, sehemu kadhaa. Sauti ikiwa ya mlio kama kengele, ni dalili njema. Ikiwa ya kufifia, kama chungu chenye ufa, kuwa na wasiwasi.

Pili, futa uchafu. Pakaa mafuta ya taa chini ya mataya na kwenye shingo ya kiwiliwili. Subiri kidogo, kisha ufute pawe pakavu kabisa. Nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Ufa uliofichwa kwa rangi unaweza kuonekana kwa njia hii, ikiwa utakwangua rangi hiyo kwanza.

Tatu, tazama skurubu. Pitisha kidole kwenye meno. Meno mazima ni manene na yana kingo zilizosimama. Meno yaliyolika ni membamba na makali. Skurubu ikiwa imelika, nati mpya peke yake haitakusaidia sana.

Nne, kama jiliwa linafungika, bana karatasi moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Zivute. Kama moja inatoka na nyingine inashika, mataya hayalingani.

Tano, tazama alama. Ukiona jina la shule, kiwanda au reli, uliza limetokaje huko. Usinunue mali ya wizi. Ukinunua, andikiana hati na muuzaji mbele ya shahidi, kila mtu abaki na nakala yake. Tumesoma ili tuandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA MAMA

Fundi alirudi akapima. Mlio ulikuwa mzuri. Chaki haikuonyesha ufa. Meno ya skurubu yalikuwa mazima. Jaribio la karatasi halikuwezekana, kwa sababu taya halikuwa na kitu cha kulivuta. Alimwuliza mkereza mjini, akasema kazi anaiweza. Jioni mke akaandika:

Kukereza nati: 45,000
Mabamba mawili na skurubu zake: 15,000
Mkono: 4,000
Bolti nne za kufungia mezani: 6,000
Nauli ya mjini, kwenda na kurudi mara mbili: 10,000
Jumla ya matengenezo: 80,000

"Unaona?" akasema mke. "Elfu themanini ya muuzaji, na elfu themanini nyingine ya matengenezo. Hiyo ni 160,000. Sisi tuna 150,000. Hivyo 'vitu vidogo vidogo' vyako vina bei sawa na jiliwa lenyewe."

Kisha akaandika upande wa pili:

Jiliwa jipya: 180,000
Bolti nne: 6,000
Nauli, kwenda na kurudi mara moja: 5,000
Jumla: 191,000

"Kufikia jipya tumepungukiwa na 41,000," akasema.

"Lakini la zamani ni imara, mama watoto. Majiliwa mengine mapya ni mepesi, ukilipiga nyundo mara mbili linavunjika."

"Hilo nakubali. Ndiyo maana sikatai. Nataka tujue mwisho wetu ni shilingi ngapi kabla hatujasimama mbele ya muuzaji."

Wakakubaliana kutenga shilingi 20,000 kwa hasara wasiyoiona bado. Mkereza anaweza kukosea. Mataya yanaweza kuonekana yamepinda baada ya nati kuingia. Basi hesabu ikawa hivi:

Fedha zilizopo: 150,000
Toa matengenezo: 80,000
Toa akiba ya hasara: 20,000
Bei ya mwisho ya kununulia: 50,000

Wakaiandika na kuipigia mstari.

MBELE YA MUUZAJI

Asubuhi walikwenda pamoja. Mke akasema, "Shikamoo mzee. Kabla hatujazungumza bei, tunaomba tutafute pamoja kwenye lundo. Labda vipande vyake vimelala humo."

Shauri hili ni zuri, msomaji. Mara nyingi kipande kinachokosekana hakikwenda mbali na mwenzake. Walichambua lundo saa nzima. Mkono waliupata chini ya spoki kuukuu. Nati hawakuiona.

Mkono umepatikana, kwa hiyo matengenezo yamepungua kwa shilingi 4,000. Bei yao ya mwisho sasa ni 54,000. Walianza kwa 40,000. Muuzaji akashuka hadi 70,000, kisha 65,000. Mwisho akasema, "Wanangu, 60,000, na hapo nimewapa bure."

Fundi alimvuta mkewe pembeni. "Imebaki elfu sita tu! Tuichukue kwenye ile akiba ya hasara."

Mke akafikiri. Alikumbuka kidole cha mwanawe. Kila mwezi wa kungoja ni mwezi wa hatari. Lakini pia alijua mabaki hayo ndiyo kinga yao. Nati ikikosewa, watakuwa na chuma kizito cha kubania mlango, na kopo tupu.

"Bei hii tuliiandika nyumbani, hakuna aliyekuwa akituharakisha," akasema. "Hapa tunaharakishwa. Tuondoke leo. Akitaka, atatuita."

Waliaga vizuri. Njiani fundi hakusema neno.

Jioni ile alichukua mbao mbili za mninga, akazitoboa, akapitisha bolti mbili ndefu zenye nati, na kuifunga mbao moja kwenye meza. Ukikaza bolti, mbao hubana chuma katikati. Si jiliwa. Halibani kwa nguvu nyingi, na kulikaza huchukua muda. Lakini tangu siku hiyo mtoto hashiki chuma. Mwenye haraka ya kununua na ajaribu hili kwanza, kwani humpa mtu nafasi ya kungoja bei nzuri.

TUKUMBUKE

Hesabu kisichokuwepo kabla ya kusifu kilichopo.
Muulize atakayekitengeneza, usimsikilize muuzaji peke yake.
Gonga, pakaa mafuta, nyunyiza chaki, tazama meno.
Andika bei yako ya mwisho nyumbani.
Tenga fedha kwa hasara usiyoiona.

Somo hili si la jiliwa peke yake. Cherehani isiyo na kichwa cha kushonea, baiskeli isiyo na gurudumu, pampu isiyo na mpira: hesabu yake ni hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini nati ya dukani haiwezi kuingia kwenye skurubu ya jiliwa?
2. Ukiona mstari umejichora juu ya chaki, utafanya nini?
3. Kama mabamba ya meno nayo yangepatikana kwenye lundo, bei ya mwisho ya fundi na mkewe ingekuwa shilingi ngapi?
4. Je, mke alifanya vizuri kukataa kuongeza shilingi 6,000? Wengine waseme ndiyo, wengine waseme hapana, na kila mmoja atoe sababu zake.