SOMO LA HESABU NA MAISHA: Motokari ya okazyo na "matengenezo madogo"



Somo la leo si la garaji tu. Ni la hesabu, na ni la uaminifu pia. Hapa Bunia motokari nyingi tunazoziona ni za okazyo. Zilitengenezwa Japani, zikatumika kule miaka mingi, kiisha zikapita bahari mpaka Mombasa, zikapita Uganda, zikaingia kwetu kwa njia ya Mahagi ao Aru. Ndiyo sababu volani yao iko kuume, hata kama sisi tunaendesha upande wa kuume wa njia. Shofere anayetaka kupita kamyo haoni mbele vizuri mpaka atoke sana njiani.

Mwenye kuuza atasema sikuzote: "Iko muzuri, inaomba matengenezo madogo tu." Ulizo letu ni hili: kidogo ni nini?

Mfano wetu

Tuseme komite ya wazazi ya shule moja imekusanya dola 4,500. Wanataka motokari ya kupeleka wagonjwa wa internati hospitali, hata usiku, na ya kuleta chakula. Feza hizo zimetoka kwa mama anayeuza maharagwe sokoni na kwa baba anayelima mihogo. Motokari moja ya zamani inapatikana kwa dola 3,800. Watu wanashangilia: "Dola 700 zinabaki!" Je, zinabaki kweli?

1. Kuangalia

Tuende asubuhi mapema, pamoja na fundi wetu, si fundi wa mwenye kuuza. Tuguse kwanza kifuniko cha moteri. Kama iko na moto, mtu ameiwasha mbele yetu, na pengine anaficha kwamba haitaki kuwaka ikiwa baridi. Tugawanye makosa kwa vikundi vitatu.

(a) Vitu vinavyokwisha kwa kazi. Hivi ni pine, bateri, plaketi za freni, filitri, amortiseri. Kila motokari inavimaliza, hata mupya. Visituogopeshe, lakini tuvihesabu. Ubavuni mwa pine kuna tarakimu 4: zikiwa 2319, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unazeeka hata bila kutembea. Tena tukumbuke: kitu chenye bei ndogo si kitu chenye uzito mdogo. Bunia iko juu ya meta 1,200, na Ziwa Albert liko karibu meta 620. Anayeteremka kwenda Kasenyi na plaketi zilizokwisha hawezi kusema ni tengenezo dogo.

(b) Vitu vidogo vinavyoficha ugonjwa mkubwa. Moshi wa buluu: moteri inakula oili yake. Moshi mweupe asubuhi ya baridi si neno, lakini ukiendelea wakati moteri imepata moto, pengine maji yanaingia ndani ya moteri. Tufungue kifuniko cha oili: ikiwa kama chai ya maziwa, maji na oili vimechanganyika. Mwenye kuuza atasema, "Inaomba maji kidogo tu." Hapana, inaomba moteri. Vilevile kuna kuruwa ya ndani inayotembeza supape. Katika Toyota nyingi zenye kuruwa hiyo inabadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Bei yake si kubwa, lakini ikikatika, katika moteri nyingi supape zinagongana na pistoni na kazi imekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama hatujui ilibadilishwa lini, tuhesabu kwamba haijabadilishwa. Konteri ya kilometa tusiiamini peke yake. Inaweza kurudishwa nyuma. Tuangalie pedali, kiti na volani: kama vimelika sana na konteri inasema kilometa 60,000, mmoja wao anasema uongo.

(c) Vitu vinavyokataza kununua. Shasi iliyopindika ao kuliwa na kutu, na karatasi zisizo sawa. Namba ya shasi ilingane na ile ya karte roze na ya karatasi za duane. Motokari za soko la Japani ziko na namba fupi, si zile herufi na tarakimu 17 tunazoziona kwa motokari za Ulaya. Hiyo si kosa. Kosa ni namba iliyokwanguliwa. Hapa hakuna kupunguza bei. Ni kurudi nyumbani.

2. Kuhesabu

Tuseme motokari yetu haina kosa la kikundi (c), na moshi ni safi. Bei hizi ni za mfano. Kila mmoja aulize sokoni na garaji.

Pine 4: dola 360
Bateri: 90
Freni: 120
Kuruwa na pompi ya maji: 150
Amortiseri: 200
Oili na filitri: 80
Kazi ya fundi: 150
Karatasi: 250
Jumla: dola 1,400

3,800 na 1,400 ni 5,200. Basi zile dola 700 tulizofikiri zinabaki, ndizo zinazokosekana!

3. Kuamua

Hesabu ya kweli inaanza nyuma. Tuko na 4,500. Tutoe 1,400 za matengenezo. Tutoe tena 300 za akiba, sababu kosa moja litatokea ambalo fundi hakuliona, na kulala njiani kati ya Bunia na Komanda si mchezo. Inabaki 2,800. Hiyo ndiyo bei yetu, hata mwenye kuuza akasirike. Akikubali, tununue bila woga: motokari ya zamani ambayo makosa yake tunayajua inapita ile iliyopakwa rangi mupya ambayo hatujui kitu ndani yake. Akikataa, tumshukuru, turudi, tuendelee kukodi mpaka feza zitimie. Kukataa si aibu. Aibu ni motokari kusimama kando ya kanisa, majani yakiota chini yake, na mtoto mgonjwa anapelekwa hospitali kwa kinga usiku.

Bwana Yesu alifundisha hesabu hii katika Luka 14:28-30, juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara bila kuketi na kuhesabu, watu wakamcheka. Yeye hakukosea kujenga. Alikosea kuanza na jiwe la kwanza mbele ya kalamu.

Maswali
1. Kama pine ni nzuri na hazibadilishwi, bei yetu ya mwisho ni dola ngapi?
2. Taja kitu chenye bei ndogo na hatari kubwa. Eleza.
3. Wewe ndiwe mwenye kuuza, na unajua moteri inakula oili. Utamwambia mnunuzi nini?