KONOKONO MGENI WA MITO YA KASKAZINI: SOMO KWA WAKAAZI WA VISIWANI

Msafiri atokaye Arusha kuelekea Moshi hupita katika mji mdogo wa Usa River, wenye jina la mto ushukao kutoka Mlima Meru. Maji ya mto huo hugawanywa kwa mifereji ili kumwagilia migomba, kahawa, mboga na maua. Yanayobaki huingia Mto Kikuletwa, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, na hatimaye hufika baharini Pangani, mkabala wa visiwa vya Unguja na Pemba.

Mifereji ya namna hiyo, yenye mwendo wa pole na majani pembezoni, ndiyo makaazi ayapendayo konokono aitwaye kitaalamu Biomphalaria pfeifferi. Yeye ni mwenyeji wa asili wa mito ya kaskazini, na ndiye anayebeba kichocho cha utumbo. Mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya mnyoo huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono. Humo huongezeka kwa maelfu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima ndani ya maji. Kwa kuwa mnyoo hauwezi kukamilisha maisha yake bila ya konokono, ilionekana kwamba akiondolewa konokono, ugonjwa nao utakatika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 dawa za kuua konokono zilijaribiwa katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Dawa za aina hiyo hufanya kazi, lakini ni ghali na hulazimu kurudiwa mara kwa mara. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la kumpiganisha konokono na konokono mwenzake.

Aliyechaguliwa ni Helisoma duryi, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1879 kutoka Florida, Marekani. Gamba lake ni la mzunguko, kama kamba iliyokunjwa, na upana wake hauzidi sana sentimita 2. Yeye habebi kichocho cha binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alijaribiwa kaskazini mwa Tanzania dhidi ya yule mwenyeji. Katika vyombo vya maabara mgeni alishinda waziwazi: alizaana upesi, akala chakula cha mwenzake na kuharibu mayai yake. Nje ya maabara, penye mkondo, mafuriko na mifereji isafishwayo kwa majembe, matokeo yalitofautiana baina ya mahali na mahali. Hadi leo hakuwa tegemeo la nchi katika vita dhidi ya kichocho.

Isidhaniwe kuwa fikra hiyo ilikuwa ya upuuzi. Katika kisiwa cha Saint Lucia, Bahari ya Karibi, konokono wa aina nyingine, Melanoides tuberculata, ambaye asili yake ni Afrika na Asia, alimpunguza sana konokono wa kichocho wa huko. Lakini konokono akishaenea majini hakuna amri ya Serikali iwezayo kumrudisha alikotoka. Helisoma huyu, kwa mfano, hivi sasa yumo katika nchi nyingi ambazo hazikumwita. Alifika humo pamoja na samaki wa mapambo na majani yanayotiwa katika matangi ya vioo. Mayai yake hukaa ndani ya ute mwangavu uliogandana chini ya jani, na mnunuzi wa jani hayaoni.

Kwa upande wa Unguja na Pemba, kichocho kilichozoeleka ni cha mkojo, na mbebaji wake ni konokono wa jamii ya Bulinus. Maji ya chumvi ni ukuta kwa konokono wa mitoni, ila ukuta huo huvukwa kwa jahazi na kwa boti. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba mnyoo wa kichocho cha ng'ombe, Schistosoma bovis, umegunduliwa ndani ya konokono wa Kinyasini, Pemba, na walitaja uletaji wa ng'ombe kutoka Bara kuwa njia inayowezekana.

Kwa hiyo wafugaji wa samaki, wauzaji wa maua ya majini na walimu wa skuli wanaotengeneza matangi ya maonyesho wanaombwa wasichukue majani, tope wala konokono kutoka mito ya Bara, hata kama wataelezwa kwamba konokono huyo ni rafiki. Tangi lisilohitajika limwagwe nchi kavu palipo mbali na mto, bonde la mpunga au kisima, na majani yake yakaushwe juani kisha yachomwe. Aidha, dawa ya kichocho itolewayo skuli na mitaani inywewe na kila anayestahiki, na vyoo vitumike. Kazi hiyo hakuna konokono anayeweza kumfanyia mtu.

Atakayeona konokono asiyemzoea katika bwawa au mfereji asimhamishe wala asimshike kwa mkono mtupu. Apaweke alama mahali hapo, na amwarifu sheha wake au afisa wa afya wa wilaya.